Mdudu anayenuka wa Bikita ana sheria, senene wetu hana

Wahaya tunajua kula wadudu, kuwatunza hatujui. Nasema hivyo nikiwa mzaliwa wa Muleba, mla senene tangu nilipoota meno, na ofisa misitu hadi serikali iliponiaga, kwa hiyo asitokee mtu kusema nadharau mila za watu. Ni mila zangu mwenyewe. Ila kila msimu ukifika, vilima vinawaka taa kali usiku kucha, mabati yamesimamishwa, mapipa yamepangwa chini yake, moshi wa majani mabichi unafuka ili wadudu walewe, na hakuna ofisi wala baraza la wazee linaloweza kukuambia nani ameruhusu taa ngapi, wapi, na kwa siku ngapi. Huko si kuvuna. Ni kuchota tu.

Mfano wa kuvuna nimeuona mbali kidogo, wilaya ya Bikita, mkoa wa Masvingo, kusini mashariki mwa Zimbabwe. Binti yangu ameolewa huko. Mkwe wangu, kijana mpole mwenye Kiswahili cha kuokoteza, alipokuja kwetu mara ya kwanza hakuja mikono mitupu. Pamoja na mablanketi alitoa kwenye begi kopo la plastiki limejaa wadudu waliokaushwa, wenye umbo la ngao, rangi ya dhahabu iliyofifia, kila mmoja akikaribia urefu wa sentimita 2.5. Mke wangu akafungua kifuniko, akanusa, akanitazama.

“Baba, hawa ni harurwa,” mkwe akasema. “Nyumbani tunawala na sadza, ugali wetu. Akiwa hai, huyu ananuka sana. Lakini mama yangu ameshamtoa harufu.”

Dada zangu waliokuwepo walicheka hadi wakajifuta machozi. Wao wenyewe walikuwa wamekaa na sinia la senene mapajani, wananyofoa mabawa. Wakacheka, wakaonja, na lile kopo halikufika kesho yake. Harurwa ana mafuta mengi kuliko senene, chumvi inamkubali, na anaacha uchungu mdogo nyuma ya ulimi ambao mtu aliyezoea nyanya chungu hawezi kuusema vibaya.

Kitaalamu anaitwa Encosternum delegorguei. Jina hilo alipewa mwaka 1850 na Spinola, Mwitaliano, kwa heshima ya Adulphe Delegorgue, Mfaransa aliyekuwa akiwinda na kukusanya wanyama huko Natal mwishoni mwa miaka ya 1830 na mwanzoni mwa miaka ya 1840. Mpita njia ndiye aliyeachiwa jina, na waliokuwa wakimla mdudu huyo kabla meli yake haijatia nanga wakabaki na majina yao ya nyumbani: Washona harurwa, Wavenda thongolifha. Anaishi kusini mwa bara letu. Yupo Zimbabwe, Msumbiji, Malawi, Botswana, Eswatini, na Afrika Kusini kwenye majimbo ya Limpopo, Mpumalanga na KwaZulu-Natal. Sehemu nyingi anazoishi haliwi. Anayemla ni yule aliyerithi ujuzi wa kumtayarisha, na ujuzi huo si mdogo.

Sisi huku Afrika Mashariki ukoo wa wadudu hawa wanaonuka tumeufahamu kwa ubaya. Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro anamjua antestia, kidudu chenye mabaka kinachofyonza punje changa. Rwanda na Burundi wanamchukia zaidi, kwa sababu anahusishwa na ile kasoro ya kahawa kunukia kiazi kibichi, ambayo kikombe kimoja tu kikiwa nayo mnunuzi anaweza kuikataa shehena. Kwa hiyo ukimwambia mtu wa huku kwamba kuna mdudu wa jamii hiyo anayeuzwa sokoni kwa kikombe, anadhani ni habari za njaa.

Si njaa. Utafiti uliochapishwa Afrika Kusini mwaka 2007 kuhusu harurwa wa Limpopo ulikuta kwamba mdudu mkavu ana protini kama asilimia 35 na mafuta kama asilimia 50. Mafuta hayo ana sababu nayo. Majira ya baridi kule kusini, kuanzia mwezi wa Mei, harurwa hukusanyika kwa maelfu juu ya miti, wakashikamana tawi zima, wakakaa hivyo hadi joto lirudi wakataga mayai. Kipindi hicho chote wanaishi kwa akiba waliyojiwekea mwilini. Binadamu anawafuata wakati huo huo, wamenona na wametulia mahali pamoja. Na wanafuatwa kabla jua halijachomoza, kwa sababu baridi ya alfajiri inawazuia kuruka. Jua likishapanda, umekosa.

Harufu ndiyo kazi. Mdudu huyu ana tezi za majimaji makali anayoyarusha akiguswa. Yakiingia jichoni yanauma vibaya, hata mtu asione kwa muda, na wavunaji vidole vyao hugeuka rangi ya kutu kwa msimu mzima. Hapo ndipo nilipomheshimu mama mkwe wa binti yangu. Nilimwona jikoni kwake na beseni la harurwa hai. Hai, narudia, kwa sababu aliyekufa kabla ya kutoa majimaji yake amekufa nayo tumboni, tumbo linakuwa jeusi, na ukimpika na wenzake atawaharibia wote kwa uchungu. Hao waliokufa aliwachambua mmoja mmoja na kuwatupa. Waliobaki akawamwagia maji ya vuguvugu, si ya moto, akakoroga kwa mwiko wa mti akiwa amegeuza uso pembeni, wao wakajitoa harufu yote ndani ya maji kwa hasira. Akamwaga, akarudia, akanusa, akarudia tena. Maji ya moto tangu mwanzo yangewaua kabla hawajatema. Alipotosheka ndipo akawachemsha, akawatia chumvi, akawaanika. Limpopo kuna wanaotumia njia hiyo ya maji, na kuna wanaomkata mdudu kichwa na kumkamua tezi kwa vidole, mmoja baada ya mwingine. Sijui subira hiyo wanaitoa wapi.

Wala si kusini tu. Sudan, huko Kordofan na magharibi, wapo wadudu wa jamii hiyo wanaokamuliwa mafuta ya kupikia na ya kupaka ngamia wenye ukurutu. Mexico, mji wa Taxco una siku yake ya kupanda mlima kusherehekea mdudu wao anayenuka, na wapo wanaomtafuna akiwa hai. Dunia imekula wadudu siku zote. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilipotoa ripoti yake kubwa mwaka 2013 na kuhesabu walaji wapatao bilioni 2, watu wa Lubumbashi, Kongo, wanaonunua viwavi wa finkubala sokoni hawakuhitaji kuambiwa.

Lakini nilichotaka kusema hasa ni habari za msitu.

Tulikwenda kwa wakwe mwezi wa Juni, tukitokea Masvingo kwa barabara iendayo Mutare. Eneo la Nyika kina mama wamekaa kandokando ya lami, mbele yao mabeseni na kikombe cha kupimia, wamejifunika mablanketi kwa baridi. Ukiacha lami na kuelekea Norumedzo nchi ni kavu, mashamba ya mahindi yaliyochoka, mawe, vichaka vilivyokatwa kuni hadi shina. Kisha ghafla kuna msitu. Jicho la mtu wa misitu haliwezi kukosea: miti mizito, ya kijani kipindi ambacho kila kitu kingine ni kahawia. Mti mmoja niliutambua kabla sijatajiwa jina, ni mkusu, ule ule ambao matunda yake yanauzwa kwa ndoo Iringa na Mbeya. Msitu huo wenyeji wanauita jiri.

Hakuna waya wa senyenge wala kibao cha serikali kilichonizuia. Kilichonizuia ni mzee mmoja, ndugu wa mkwe, aliyenishika mkono na kuniambia kwa upole kwamba huko hatuingii mpaka tumepita kwa mwenye eneo. Norumedzo ina chifu wake, wa watu wa Duma, na jiri iko chini yake. Msimu wa harurwa ukifika kuna walinzi wanaowekwa msituni. Kuna siku za kuvuna na siku za kukaa nyumbani. Vijiji hupewa zamu. Mgeni hagusi bila ruhusa. Kukata mti mbichi ni kosa, kuwasha moto ni kosa, na mkosaji anatozwa faini. Chifu ana fungu lake katika mavuno. Na nyuma ya yote hayo kuna simulizi: harurwa ni zawadi ya babu yao Nemeso, aliyezaliwa na macho manne, mawili mbele na mawili kisogoni. Wazee wa Duma wanasema msitu ukivunjiwa heshima, wadudu hawatarudi.

Mimi nimesoma misitu chuoni na sina haja ya macho manne kueleza jambo hili. Harurwa hurudi palepale kila baridi kwa sababu miti ya kukusanyikia ipo. Ukikata miti, hawana pa kukaa. Simulizi na sayansi zinatoa hukumu moja, tofauti ni kwamba simulizi ilifika Bikita mapema na ikasikilizwa. Tangu mwaka 1993 wataalamu wa misitu wameandika habari za Norumedzo wakishangaa jinsi misitu ya jirani ilivyokwisha huku ule umesimama. Ningeshangaa nao kama nisingemwona yule mzee.

Sitaki mtu adhani nawapaka watu wa Bikita asali. Utaratibu wa chifu una malalamiko yake. Nilisikia vijana wakinung’unikia zamu na fungu la wakubwa. Wenye kukoroga maji yenye ukali na kukaa kandokando ya lami ni wanawake, na wenye kupanga siku za kuvuna ni wanaume. Katika hilo Wahaya hatuna pa kuwacheka. Bibi zetu walikuwa wakiwaokota senene alfajiri na umande, wakiwanyofoa mabawa, wakiwakaanga, halafu mila ikawakataza kuwaonja. Mume alikula, na akimaliza akatoa shukrani ya kanga. Mke wangu akikumbushwa habari hiyo huongeza senene kwenye sahani yake bila kusema neno.

Hata hivyo, tazama kinachotokea pasipo utaratibu. Huko Limpopo kuna walaji wakubwa wa mdudu huyu, Wabolobedu, ambao sasa wanasafiri mbali hadi Mpumalanga kumtafuta, wakivuna kwenye maeneo ya mashamba ya miti ya kibiashara ambayo si yao. Mtu anayevuna kwa mwenzake anavuna kwa haraka. Hajui kama mwakani ataruhusiwa, kwa hiyo anabeba anachoweza.

Na kuna jambo jingine ambalo hata Norumedzo hawakulimaliza. Mwaka 2016 watafiti wa Zimbabwe wakishirikiana na wenzao wa icipe, kile kituo cha wadudu cha Nairobi kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, walichapisha matokeo ya kuwapima harurwa. Lishe waliikuta: asidi za amino 12, mbili kati yake zikiwa zile ambazo mlo wa nafaka huzikosa. Lakini walikuta pia sumukuvu. Ilikuwa kwa harurwa waliohifadhiwa kwenye vikapu vya asili vilivyosiribwa samadi na kwenye magunia yaliyokwisha kuwekwa nafaka. Waliowekwa kwenye mifuko safi ya kufungika hawakuwa nayo.

Msomaji wa Kenya anaijua sumukuvu: mwaka 2004 mahindi yaliua zaidi ya watu 120 huko Makueni, Kitui na jirani zake. Sisi tulizika watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Sasa jiulize senene wanaosafiri kutoka Bukoba kwenda Dar es Salaam wamekaa kwenye nini. Mimi nimewaona stendi wakiwa ndani ya viroba vya unga, vya sukari, na siku moja kiroba cha mbolea kimegeuzwa ndani nje. Muuzaji alinijibu kwamba kimefuliwa. Mdudu hana hatia, gunia ndilo lenye hatia, na mfuko safi bei yake ni ndogo kuliko faida ya kikombe kimoja.

Najua nitakachojibiwa na wenye taa. Watasema senene si harurwa. Harurwa anarudi msitu ule ule kila mwaka akakaa miezi. Senene anashuka na mvua usiku mmoja, kesho yuko Uganda, utamwekeaje mlinzi? Hoja hiyo ina ukweli nusu. Senene hamilikiwi, hilo nakubali. Taa inamilikiwa. Inawaka kwa umeme wenye mita, imefungwa kwenye nguzo iliyosimama kwenye ardhi ya kijiji yenye mwenyekiti. Majani anayotagia na kula senene nayo yana mahali: ni mbuga zetu za nyasi na kingo za mabonde tunazozichoma na kuzilima kila mwaka. Huwezi kumzuia mdudu mpakani, lakini unaweza kuamua taa ngapi zitawaka kwenye kilima chako na bonde gani halitachomwa.

Majirani zetu wa Masaka, Uganda, walitutangulia kwa taa kubwa, na wavunaji wao wenyewe wamekuwa wakilalamika kwamba kuna misimu mapipa yanabaki matupu huku deni la umeme na la kukodi mabati likiendelea. Hasara yake haimwendei mwenye mtaji peke yake. Zamani mjane mwenye debe na watoto wawili alitoka alfajiri akarudi na kitoweo. Sasa wadudu wote wamevutwa kwenye taa ya mtu mmoja, na mjane huyo anawanunua kwa bei ya stendi. Nikisema senene wanahitaji utaratibu, namfikiria yeye kabla ya wanasayansi.

Wengine wananiambia soko litajirekebisha, na kwamba vipo viwanda vitakavyofuga wadudu ndani. Vije. Wanaofuga wafuge, nami nitanunua. Lakini kiwanda hakitunzi bonde. Harurwa amewafanya watu wa Norumedzo watunze mkusu, kivuli chake na chemchemi iliyo chini yake. Faida ya kikombe kinachouzwa Nyika imeishikilia miti ambayo sisi maofisa, kwa bunduki na vitabu vya faini, tumeshindwa kuishikilia kwingineko. Nilifanya kazi miaka mingi ya kuwaambia watu wasikate miti nikiwa sina cha kuwapa badala yake. Mdudu angenisaidia sana.

Sheria haitukatazi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi. Sheria za serikali za mitaa zinairuhusu serikali ya kijiji kutunga sheria ndogo na halmashauri kuziidhinisha. Kwa hiyo ombi langu kwa wenyeviti wa vijiji vya Muleba, Bukoba, Missenyi na Karagwe ni fupi. Andikeni idadi ya taa zinazoruhusiwa kila kijiji, na msajili kila mwenye taa. Tengeni siku za giza katika kila wiki ya msimu, ili wadudu wapite na watu wa debe wapate. Tengeni bonde moja la nyasi lisilochomwa. Ushuru wa taa uende kijijini, usipotelee njiani. Kateni kabisa habari ya viroba vya mbolea na magunia yaliyotumika. Na kwenye kamati itakayosimamia hayo wekeni wanawake wanaowakaanga na kuwauza, kwa sababu wao ndio wanaojua msimu umeanza kupungua tangu lini.

Msimu mkubwa huanza Novemba. Madiwani hukutana kila robo mwaka. Kijiji kikiwasilisha mapema, kikao kimoja kinatosha.